Mbuzi wa Nyongeza

Kaka yangu Bediako alitengeneza gemu ya mbuzi anayekula nguo zilizoanikwa. Mbuzi anakimbia uani, anatafuna shuka, soksi, hata gauni la mke wa mchungaji, na mwenye nyumba anamfukuza kwa ufagio. Basi, ni hivyo tu. Mimi nilicheka mpaka nikashikilia mlango.

Akaiweka kwenye duka la mtandaoni, lile la dunia nzima. Huko gemu zimejaa kama dagaa kwenye tenga, mbuzi wetu akapotea. Aliyenunua ni mtu mmoja wa Finland, naye akadai arudishiwe pesa kabla chai yake haijapoa. Aliandika kwamba kwao nguo hukaushwa na mashine, hakuelewa mbuzi anatafuta nini.

Mama yetu, Maa Konadu, anauza nyanya sokoni Kejetia, nami humsaidia. Akamwambia Bediako, "Pasaka Wofa Dwomoh anakuja. Kama hakuna anayenunua huyo mbuzi wako, utaondoka na mjomba wako ukamfugie kuku."

Wofa, yaani mjomba, ni kaka yake mama, na kwa mila yetu mpwa ni wa mjomba. Akisema twende, unabeba begi. Sasa Bediako anaogopa kuku. Si utani. Jogoo akimtazama kwa jicho moja, kaka yangu anapanda juu ya kiti.

"Nipe nafasi kwenye meza yako," akamwomba mama. "Wa mbali wakimkataa, nitamuuza hapa."

"Kati ya nyanya na pilipili?"

"Hapo hapo, Maa."

Akainakili gemu kwenye flashi kadhaa, akazipanga juu ya gunia. Mteja wa kwanza alikuwa Anti Birago, anayechapisha mabango ya misiba ng'ambo ya njia. Kompyuta anayo, anashinda nayo kutwa. Alishika flashi, akaigeuza, akainusa. Akabishana bei mpaka ikashuka, akalipa, kisha akabaki amesimama, kiganja wazi.

"Nyongeza yangu?"

"Anti, gemu haina nyongeza."

"Weee! Chumvi ina nyongeza, maharagwe yana nyongeza. Mimi mwenyewe, mtu akichapisha bango la marehemu, namwongezea dogo la kubandika garini. Huyu mbuzi wako ni nani hata aringe? Nipe hela yangu!"

Mimi huwa siongei na wateja. Mama ndiye mdomo wa meza, mimi ni mikono. Mikono ikafanya ilivyozoea, ikamtupia nyanya kwenye mfuko. Anti Birago akatulia, akaondoka na flashi yake.

Kesho yake akarudi. "Nyanya zilikuwa nzuri. Lakini mbuzi ni mmoja tu! Mimi mteja wako, niongezee mbuzi."

Bediako, ambaye kila akifumba macho alimwona jogoo, akamchorea pale pale mbuzi wa pili, mweupe, mwenye hereni, akampa jina la Birago.

Hapo ndipo alipoharibu. Anti Birago alimwonyesha mbuzi wake kila aliyekuja na picha ya marehemu. Watu wakajaa mezani kwetu. Mwalimu wa kompyuta alitaka mbuzi mwenye miwani. Katibu wa kanisa alitaka mbuzi mcha Mungu, asiyegusa gauni la mke wa mchungaji. Fundi simu akafoka, "Wa Birago ana hereni mbili, wangu moja! Mimi yatima?"

Bediako akawatia wote kwenye gemu ile ile moja, mbuzi wakabanana uani hata kugeuka hawawezi, na mwenye nyumba akapanda paani na ufagio wake. Bediako alidhani gemu imekufa. Kumbe watu walipenda hapo hasa, kumtafuta mbuzi wako kwenye ule msongamano, kisha kumtambia jirani kwamba wako ndiye aliyemaliza shuka.

Jumamosi ya Pasaka, pikapu ya Wofa Dwomoh ikasimama mbele yetu. Mama alikuwa amekwenda kupokea nyanya. Bediako alikuwa chini ya meza.

"Yuko wapi mpwa wangu? Kuku hawangoji."

Foleni nzima ikanitazama.

"Wofa," nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka, "una kompyuta?"

"Ya hesabu za mayai. Kwani vipi?"

"Nunua mbuzi."

Watu wakaangua kicheko. "Nunua, mzee," Anti Birago akadakia. "Tangu nimjue binti huyu, leo ndiyo kafungua mdomo."

Wofa hakutaka kuonekana bahili mbele za watu. Akanunua, ila alivyobishana bei nilitamani kulia. Kisha akakunjua kiganja.

"Nyongeza?"

Nyanya hazikuwepo. Nikamvuta Bediako shati, akatokea.

"Nyongeza yako ni fundi. Atakuwekea gemu huko huko kwako. Lakini jioni umrudishe."

"Nimrudishe? Huyu ni mpwa wangu!"

"Ni wako, Wofa. Ila hawa wote wanamngoja yeye."

"Arudi!" fundi simu akapaza sauti. "Mbuzi wangu hana mkia bado!"

Wofa akaitazama foleni mpaka ilipopinda kwenye vibanda vya viatu. Akakohoa, akafungua mlango wa gari.

Jioni Bediako akashuka kwenye pikapu na trei ya mayai, unyoya kwenye nywele. Hakutaka kusimulia. Mama akamkaribisha Wofa ale fufu, naye hata injini hakuzima. Alisema anawahi nyumbani, kuna shuka ameiacha imeliwa nusu.