Mjane Aliyeozwa na Msomaji

Winifred alikulia Karagwe, upande wa Tanzania, na wazazi wake walipohamia Kigali alikuja na Kiswahili chake kama wengine wanavyokuja na vyombo vya ndani. Mchana alitafsiri nyaraka katika ofisi moja ya mtaa wa Kibagabaga. Riwaya yake ya kwanza ilizinduliwa kwa soda na keki, kisha nakala zikarundikana chini ya kitanda. Mchapishaji hakumficha: wasomaji wako kwenye simu, wafuate huko.

Akafungua blogu. Kila Ijumaa aliweka sehemu moja ya hadithi ya Gahongayire, mjane anayeposwa na shemeji yake. Mwanzoni alikuwa akiamka tu anakimbilia simu kuona nani amesoma. Walikuwa wachache, wengi wao jamaa zake, waliompongeza kabla hata ya kufika aya ya pili. Kazi za ofisi zikazidi. Ijumaa moja ikampita, na ya pili, na hakuna aliyeuliza. Blogu ikalala, Gahongayire akiwa amesimama mlangoni, hajajibu posa.

Miezi ikapita. Siku moja alipeleka kitenge kwa Christella, fundi wake katika soko la Kimironko. Mafundi walikuwa wameweka simu katikati ya vyerehani, wanasikiliza sauti ya mwanamume akisoma hadithi. Winifred alikuwa akipimwa kiuno alipotambua sentensi. Ilikuwa yake. Iliyofuata pia. Kisha ikaja sehemu asiyoijua: Gahongayire anakubali, ng'ombe wanatolewa, watu wanacheza.

"Hakuolewa," Winifred alisema.

"Ameolewa, Madamu," alijibu Christella. "Tulisikia wiki iliyopita. Hii iko marudio."

"Mimi ndiye niliyeiandika."

Cherehani kimoja kikasimama, kisha kingine. Christella alimtazama vizuri, halafu akapaza sauti kumwita Audace.

Audace alikuwa Mrundi, muuza nyuzi na vifungo kwenye meza ya jirani. Alikuja bila haraka. Ndiyo, sauti ni yake. Aliiona hadithi mtandaoni, ikampendeza, akawa anajirekodi akiisoma na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la mafundi. Wao nao wakaisambaza.

"Na jina langu?" Winifred aliuliza.

"Hapo nilikosea, mama. Unisamehe. Lakini wewe ulituacha njiani. Watu kila siku, mjane alisema nini? Nikangoja. Wewe iko kimya. Nikamwoza."

Hasira ilimpanda, lakini haikuwa peke yake. Alitazama nyuso zile na kuona kwamba walikuwa wamehudhuria harusi iliyotungwa na muuza vifungo, na wakaifurahia. Alimwonea wivu.

"Utasoma nilichoandika," alimwambia hatimaye. "Bila kuongeza. Na utataja jina langu na blogu."

"Yego, ndiyo. Na wewe utaandika?"

"Kila Ijumaa," Winifred alisema.

Wiki ile aliandika usiku mmoja na asubuhi mbili. Katika sehemu yake, Gahongayire alimkaribisha shemeji ndani, akampa chai, akakataa posa. Audace aliisoma kama alivyoahidi, jina la mwandishi likiwa mwanzo na mwisho, na Ijumaa hiyo watu wakaingia kwenye blogu kutoka Gatsata, Bujumbura, hata Goma. Wengi walikuja kugomba. Shemeji amekosa nini? Ng'ombe je, warudishwe? Christella alimpigia simu kumwambia kwamba gauni liko tayari, na kwamba amemvunja moyo.

Miongoni mwa maoni yale lilikuwamo moja la mtu aliyejiita Mugeni. Aliomba kwa adabu kwamba mwandishi wa sasa apumzike, arudishwe yule wa zamani, wa ile harusi, aliyejua mapenzi.

Winifred angeweza kulifuta. Alilisoma mara mbili, akaandika chini yake, "Asante kwa kusoma," kisha akavuta kiti akaanza sehemu ya Ijumaa inayofuata.