Hatamu Ndefu

Asubuhi ya siku ya tatu ya mashindano, Tajiri alimkuta kocha wake, Mama Kwato, bandani ameushika mguu wa mbele wa farasi wa kijivu. Mguu ulikuwa wa moto.

"Anachechemea," Mama Kwato alisema.

"Kidogo tu. Mshike hatamu fupi, kichwa kisicheze. Madaktari hawataona kitu."

Mchezo huo Mama Kwato aliujua. Siku ya kwanza farasi hutembezwa kwa madaha mbele ya waamuzi, ya pili hukimbizwa porini akiruka magogo na madimbwi, ya tatu huruka vizuizi uwanjani. Ila kabla ya kuruka, lazima akimbizwe akiongozwa kwa mkono mbele ya madaktari wa mifugo, na mguu mbovu husemewa na kichwa: kila ukigusa chini, kichwa kinapanda. Kaza hatamu chini ya kidevu, umekiziba mdomo.

Mama Kwato hakuzaliwa kocha. Alianza kwa kuzoa samadi, akapanda farasi ambao wenye mali waliwaogopa, akashinda. Vikombe wakabeba wao. Mpaka asubuhi moja bosi wake wa zamani aliposhika hatamu mwenyewe, fupi hivyo hivyo. Farasi akapita kwa madaktari. Mchana mguu ukavunjika juu ya kizuizi. Farasi akapigwa risasi, Mama Kwato akavunjika mtulinga, na bosi akawatangazia watu: mpandaji mzembe. Pole hakumpa, hata ya uongo. Watu wa namna ile husahau upesi. Yeye hasahau.

"Leo anaruka nani?" aliuliza. "Wewe?"

"Binti yangu."

Binti alikuwa mlangoni, kofia ngumu kichwani. "Baba, mimi naona tumwache apumzike."

"Wewe nyamaza. Na wewe, Mama Kwato, nyumba unayolala ni yangu. Huyu akikataliwa, tafuta pa kulala."

"Nimeshalala na farasi, mzee. Hawakoromi kama matajiri."

Wakaitwa. Mama Kwato hakumwachia mtu hatamu. Pembeni mwa njia Tajiri alikunja ngumi chini ya kidevu chake kumwonyesha: fupi, fupi. Mama Kwato akamtazama usoni, akaiachia hatamu ikaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo, akakimbia. Kichwa cha farasi kikapanda. Kikapanda tena, mbele ya umati mzima.

"Amekataliwa," daktari akasema.

Tajiri akawafuata hadi bandani. "Funguo za nyumba."

"Ziko mlangoni. Mimi nataka maji baridi ya huu mguu."

"Nimekufukuza, husikii?"

"Nimesikia. Nikimaliza nitaondoka. Na kila zizi nitakalobisha hodi wataniuliza kwa nini nilifukuzwa. Nitawaambia, na jina lako nitalitaja lote, la baba na la babu."

Akachuchumaa, akaushika tena mguu ule. Binti akavua kofia, akachukua ndoo, akampita baba yake kwenda bombani.