Njoo na Mwenza

Benchi lilikuwa na nafasi, lakini Abeli hakukaa. Aliegemea nguzo ya baraza la zahanati, mguu mmoja mbele, mmoja nyuma. Jasho lilimtiririka ingawa upepo wa asubuhi ulikuwa unakata masikio.

"Mbukwenyi, bibi," alimsalimu mwanamke mzee aliyefunga kidonda cha mguu kwa kipande cha kanga. Nzi walikuwa wamekizunguka, naye amechoka kuwafukuza.

"Mbukwa, mjukuu wangu. Kaa basi, nafasi hii hapa."

"Asante bibi, niko sawa."

"Uko sawa, umekuja zahanati kufanya nini?" Watu wakacheka. "Vijana wa siku hizi wanasimama kama vigingi vya ng'ombe!"

Benchi lilikuwa la mninga, jipya. Kwenye maegemeo yake yaliandikwa maneno kwa rangi ya bluu: ZAWADI YA MZEE BARTOLOMAYO. Vumbi lilikuwa limeshafunika nusu ya herufi. Abeli alilijua jina lile. Alimjua mwenyewe mpaka harufu ya kwapa lake.

Zamu yake ilipofika, alisogea dirishani.

"Unaumwa nini?" aliuliza nesi Evelina bila kuinua macho.

"Sehemu za siri, sista," Abeli alinong'ona.

"Magonjwa ya zinaa." Yeye hakunong'ona. "Mwenza wako yuko wapi?"

"Nimekuja peke yangu."

"Hapa hatutibu nusu mtu. Nikikutibu wewe, ukirudi nyumbani anakurudishia. Njoo na mwenza wako, mtibiwe wote. Ndiyo utaratibu."

"Sista, ninaumia. Hata kukaa siwezi."

"Na ulipokuwa unastarehe, uliumia? Haya, mwingine!"

Abeli alitoka Bahi mwaka ule majaruba yalipopasuka na mpunga ukakauka ungali mchanga. Mjini alianza kwa kuosha magari. Hapo ndipo alipojua kwamba kuna wanaume wanaoleta magari safi kuoshwa tena, wakakaa ndani na vioo juu, wakimtazama mgongo. Baadaye aliacha kuosha magari. Wateja wake hawakuja usiku kama wa Shamila, jirani yake wa chumba cha pili kule mtaa wa Kikuyu. Wake walikuja saa ya chakula cha mchana, maana usiku walikuwa na wake zao na sala za familia.

Mzee Bartolomayo alikuwa na nyumba isiyoisha, nje kidogo ya mji. Siku za kukutana na Abeli zikifika, mafundi walipewa ruhusa ya kwenda kupumzika. Ndani kulikuwa na mifuko ya saruji, mavi ya popo, na godoro ambalo bado limefungwa nailoni yake ya dukani. Nailoni ile hakutaka itolewe, godoro lisichafuke. Ngozi ya Abeli ilinata pale kama nyama buchani. Na shikamoo ilikuwa lazima. Hata Abeli akiwa ameshavua suruali, mzee hakumgusa mtu ambaye hajamwamkia. Kuhusu kuvaa mpira alisema neno moja tu, tangu siku ya kwanza: "Mpira ni wa malaya. Mimi ni mzee wa kanisa."

Mchana ule, baada ya kutoka zahanati, Abeli alimkuta ameketi juu ya mfuko wa saruji, mbele yake hotpoti ya ugali na mlenda kutoka kwa mkewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ninawishe."

Abeli alichukua kopo, akammiminia maji mikononi taratibu. Mzee akafumba macho, akaomba baraka za chakula, akamega tonge.

"Mzee, naumwa. Kule. Natokwa na usaha."

Bartolomayo aliendelea kutafuna. Utelezi wa mlenda ulivutika kutoka vidoleni hadi kidevuni, ukakatika.

"Tangu lini?"

"Tangu tulipoonana mara ya mwisho. Zahanati wanasema nije na mwenza."

"Mwenza!" Mzee alicheka mpaka mlenda ukamtokea puani. Akajifuta kwa kiganja. "Kwa hiyo nikapange foleni na wewe? Nikakalie jina langu mwenyewe?"

"Basi nipeleke kwa daktari wako wa pembeni. Hata kwa siri."

"Daktari yule ni wa familia." Alimega tonge jingine. "Mimi na mama tulishachomwa sindano zetu wiki iliyopita." Alisema hivyo kama mtu anayesema amebadilisha oili ya gari.

Abeli alibaki na kopo mkononi.

"Kumbe ulijua."

"Ongea na wakubwa kwa adabu. Nilijua nini? Ninyi mnazurura na kila mtu, halafu mnatuletea uchafu majumbani." Alilamba kidole gumba mpaka kwenye kifundo. "Tafuta binti yeyote, si wamejaa hapo mnapokaa? Nenda naye, mtibiwe. Na usije hapa kabla hujapona. Haya, ninawishe."

Abeli akamnawisha.

Shamila hakuhitaji kubembelezwa. Siku mbili baadaye alijifunga kitenge, akavaa kilemba, akatoka mlangoni akijitazama kama bibi harusi.

"Leo nimeolewa," alisema. "Tena bure. Hata mbuzi mmoja wa mahari wazazi wangu hawajamwona!"

"Usinichekeshe, Shamila. Nikicheka naumia."

"Basi nitakuchekesha ukipona, mume wangu."

Bibi Raheli, yule wa kidonda, alikuwa pale pale barazani, amekuja kusafishwa tena. "Kumbe una mke! Karibu mama, kaa. Mwambie na huyu mumeo akae, ananichosha macho." Shamila alikaa. Abeli akarudi kwenye nguzo yake.

Chumba cha matibabu kilitengwa na baraza kwa pazia tu. Nesi Evelina alifurahi kuwaona wawili.

"Umeona? Hivi ndivyo mwanaume anavyotakiwa awe." Alivuta dawa kwenye mabomba mawili ya sindano, akayalaza kwenye sahani. "Tunaanza na mama."

Shamila, ambaye hakuwa na ugonjwa wowote, alilala akachomwa. Aliuma ncha ya kilemba. Alipoinuka alimkonyeza Abeli, lakini macho yalikuwa yamejaa machozi.

"Baba naye. Shusha suruali nione."

Nesi akatazama. Akainama, akatazama tena.

"Mbona huku hakuna kitu? Ugonjwa uko wapi?"

Nje ya pazia mazungumzo yalikuwa yamekoma. Abeli alilitazama lile bomba la pili pale kwenye sahani. Lilikuwa karibu, angeweza kulifikia kwa mkono.

"Nyuma, sista," alisema.

Nesi Evelina alisimama wima. Alivua glavu moja, kisha ya pili, ingawa alikuwa hajamgusa.

"Kwa hiyo huyu si mwenza wako."

"Sista, nisaidie. Dawa si ni ileile?"

"Nimekuuliza. Huyu ni mwenza wako?"

"Si yeye."

"Basi umenidanganya ofisini kwangu. Utaratibu haujabadilika. Mwenza wako aje." Midomo yake ilijikunja kama aliyeonja maziwa yaliyoharibika. "Ni nani huyo? Mtaje."

"Ndiye aliyewapa benchi."

Shamila alimshika Abeli mkono.

"Mwongo mkubwa wewe!" Sauti ya nesi ilipanda, kisha ikashuka ghafla, akatazama pazia. "Usichafue jina la mzee wa watu. Toka. Toka kabla sijapiga simu polisi."

Alichukua lile bomba la pili, akalikamulia dawa yote kwenye sinki, akafungulia maji.

Abeli alipita barazani akishika kiuno cha suruali. Watu walikunja miguu ili asiwaguse. Mama mmoja alimfunika mtoto wake uso. Nyuma yake nesi alikuwa anamwita mfanya usafi.

"Leta jiki! Mwaga kwenye benchi lote, pale alipokaa yule!"

"Hakukaa," alisema Bibi Raheli. "Tangu juzi hajakaa."

Hakuna aliyemsikiliza. Waliinuliwa wote, hata yeye na kidonda chake, na mfanya usafi akamwaga jiki, akasugua kwa brashi ya nguvu kuanzia kikalio mpaka maegemeo. Vumbi likatoka. Herufi za bluu zikang'aa, moja baada ya nyingine, kama zilivyong'aa siku ya kukabidhiwa.

Getini, Shamila alikuwa anasugua paja lake lilipochomwa. Abeli alisimama kando yake.

Benchi lilipokauka, wagonjwa walirudi wakakaa.