Ndege wa Mama Mkwe

Bi Manyoya, kama wenzake kazini walivyomwita, alikuwa amefanya kosa la kuahidi mapema. Mezani, mbele ya mumewe, mawifi na wakwe zake wote wawili, alisema wale ndege wa kahawia wanaoparamia mashina ya miti, aliokuwa akiwachunguza pale makumbusho, si wa ukoo mmoja kama vitabu vinavyodai. Kundi moja lilistahili kuwa ukoo mpya, yaani jenasi, na jenasi mpya haikai bila jina. Angeipa jina la mama mkwe.

Mama mkwe hakushukuru. Alimeza tonge, akasema heshima hiyo ilikuwa imechelewa. Kesho yake mtaa mzima ulijua, na fundi cherehani alishapewa kitambaa cha kahawia.

Makala ilipokuwa tayari kwenda kwa wachapaji, mama mkwe akafunga safari hadi makumbusho kumkagua wajina wake.

Stoo ilinuka dawa ya nondo. Bi Manyoya akavuta droo mbili, akazitua mezani. Ndege waliokaushwa walilala chali, vibandiko miguuni, matumbo juu kama wageni walioshiba. Wa droo ya kushoto, akaeleza, wana michirizi kifuani. Ndio ukoo wa zamani. Wa kulia wana madoa. Hao ndio wa mama.

Mama mkwe akavaa miwani, akauliza mbona wamelazwa chali. Akaambiwa ndivyo makumbusho wanavyowalaza, tangu enzi.

"Na kule mtini wanawapa watu mgongo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nigeuzie. Siwezi kuitwa ndege niliyemjua kwa tumbo tu."

Bi Manyoya akacheka, akamgeuza mmoja wa droo ya kulia kwa vidole viwili. Akamgeuza wa pili, kicheko kikamkauka. Kisogoni na mabegani walikuwa bado na manyoya mepesi ya kinda. Akageuza droo nzima, wote vilevile. Muda wote huo alikuwa amehukumu kwa matumbo, kwa kuwa matumbo ndiyo yaliyomtazama. Wenye madoa hawakuwa ukoo mwingine. Walikuwa watoto wa wenye michirizi, hawajavua nguo za utotoni.

Jenasi ikayeyuka hivyo. Angeweza kuwarudisha chali na kunyamaza, na mama mkwe asingejua kitu. Akavuta kiti, akaketi, akamweleza yote bila kupamba.

Mama mkwe akavua miwani.

"Yaani ulitaka kuwatenga watoto na mama zao, halafu dhambi hiyo uiite jina langu."

"Nisamehe, mama."

Mama mkwe akaguna, akazungusha macho stoo nzima kama aliyefika sokoni watu wakifunga. Akauliza kama humo ndani hamna kingine kisicho na jina. Bi Manyoya akakiri kwamba kwenye manyoya ya ndege haohao kuna chawa ambaye hakuna mtaalamu aliyewahi kumpa jina. Alijuta kabla hajamaliza kusema.

Mama mkwe akataka kujua kama anang'ata. Hapana, anatafuna manyoya tu. Na anaishi wapi? Mgongoni kwa ndege, anabebwa tangu kuzaliwa mpaka kufa.

"Na kazi hafanyi?"

"Hafanyi, mama."

Uso wa mama mkwe ukakunjuka wote.

"Huyo mpe jina la baba mkwe wako. Na umwambie mimi ndiye niliyemwombea."