Baraza la Nusu Duara

Nyumba ile haikujengwa, iliungwaungwa. Kwanza palikuwa na chumba kikubwa alichokiacha baba, mita sita kwa nne. Mwanawe, ambaye ni mwashi, akabandika ubavuni chumba cha mama yake, mita nne kwa tatu. Mbele akamwaga baraza la saruji la nusu duara, mita mbili kutoka ukutani hadi ukingoni, mama apate pa kuotea jua na kuwasema wapita njia.

Barabara ilipotakiwa kupanuliwa, ofisi ikapitisha kipaza sauti: kesho wapimaji wanakuja, nyumba zote zitabomolewa, kila familia itahamishiwa kwenye maghorofa nje ya mji. Basi. Kwamba vyumba vitagawiwa kwa ukubwa wa sakafu ya mtu, hilo hawakulitamka. Watu wale kueleza hawana haraka. Haraka yao yote iko kwenye kubomoa.

Mama akamshika mwanawe mkono. "Mwanangu, livunje hilo baraza. Leo hii!"

"Mama, si wamesema wanapima tu?"

"Na baba yako walimwambia wanapima tu! Wakakuta baraza lake limeingia njiani, wakamtia ndani. Alirudi anakohoa, na hakukohoa muda mrefu. Umesahau?"

Hakuwa amesahau. Mtaa mzima haukuwa umesahau. Kila mlango nyundo zilikuwa zinalia.

"Baba watoto, tuulize kwanza," mkewe akamsihi.

"Tumuulize nani? Kipaza sauti?"

Akashika nyundo. Saruji aliyoichanganya kwa mikono yake ilimgomea, lakini hatimaye ikaachia. Kifusi akakitupa mtaroni, akafagia pakawa peupe.

Asubuhi akaja mpimaji, mtu mpole, shati limenyooka kwa pasi. Akavuta futi kamba ndani na nje.

"Sita mara nne, ishirini na nne. Nne mara tatu, kumi na mbili. Jumla thelathini na sita." Akatikisa kichwa. "Mmekosa padogo, fundi. Kuanzia arobaini ni vyumba viwili. Nyie mtapata kimoja."

"Kimoja?" mke akadakia. "Tuko watu sita humu, kaka yangu!"

"Sipimi watu, dada. Napima sakafu."

Mwashi akageukia pale alipopafagia jana. "Na baraza... mngelihesabu?"

"La saruji? Tunahesabu. Liko wapi?"

Mwashi akapiga magoti. Akabana ncha ya ile futi kamba chini ya ukuta, mkewe akazunguka na ncha ya pili, akichora upinde mchangani pale pale ukingo ulipokuwa.

"Hili hapa! Mbili mara mbili, nne. Zidisha kwa tatu nukta moja nne, gawa kwa mbili kwa kuwa ni nusu. Sita na ushee! Ongeza kwenye thelathini na sita, tunavuka arobaini!"

"Hesabu yako haina kosa," mpimaji akasema taratibu. "Lakini huo ni mchanga, fundi. Naandika kilichopo. Ungeliacha mpaka leo tu."

Alisema kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyochoma. Angetukana, mwashi angepata wa kumkaba.

"Kwani nani aliwaambia mvunje?" mpimaji akauliza.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, anasikia kila neno. Mwashi akajibu haraka, "Niliamua mwenyewe."

Mpimaji akahamia kwa jirani, na kwa jirani pia palikuwa pamefagiliwa.

"Kimoja kinawatosha nyie na watoto," mama akasema. "Mimi nitakwenda kwa dada yako."

"Mama, hatujaongea bado."

"Tuongee nini, baba?"

Mume wa huyo dada alikwisha sema hadharani kwamba hataki kizee nyumbani kwake. Wote watatu walilijua hilo. Mama akaingia ndani kufungasha nguo, na hakuna aliyemzuia, kwa sababu hakuna aliyejua amzuie akalale wapi.