Udongo Mweusi wa Isongole

Nasrin alianza kumshuku Lugano siku aliyokuta kiazi ndani ya gunia la udongo.

Alikuwa na kitalu cha miche ya parachichi Ilomba, mjini, nyuma ya nyumba aliyoachiwa na baba yake. Kwa miezi mitatu Lugano alikuwa akimletea udongo mweusi kutoka kwao Isongole, chini ya mlima Rungwe. Ulikuwa mwepesi, wa kusagika vidoleni, na miche ilichipua humo kama imeitwa. Lugano alisema unachimbwa kwenye msingi wa nyumba inayojengwa kule. Nasrin hakumhoji. Miche ilikuwa inapendeza mno.

Lakini kiazi hiki kilikuwa kibichi, kimekatwa na jembe upande mmoja. Msingi gani wa nyumba unaota viazi?

"Hiyo nyumba ya nani?" alimuuliza Lugano siku aliyoleta mzigo mwingine.

"Ya mtu mmoja wa Dar, dada." Lugano alikuwa ameshapanda kwenye kirikuu chake. Hakuzima hata injini.

Nasrin aliyafungua magunia yote. La mwisho lilikuwa jeusi juu tu. Chini lilijaa changarawe nyeupe, nyepesi kama maganda ya mayai. Alitupa konzi moja ndani ya ndoo ya maji, ikaelea. Akamkumbuka bwana shamba aliyewafundisha wenye vitalu: changarawe ile ilitemwa na mlima zamani sana, na udongo mweusi ulio juu yake umejengwa na majivu na majani yaliyooza, mamia ya miaka kwa unene wa kiganja. Ukiikuta nyeupe, alisema, mweusi umekwisha.

Alhamisi alipanda Isongole bila kumwambia mtu. Kila aliyemuuliza nyumbani kwa akina Lugano alimtazama kwanza viatu, kisha uso, ndipo akaonyesha njia kwa kidevu.

Hapakuwa na nyumba inayojengwa. Palikuwa na shamba kwenye mteremko, nusu yake viazi, nusu yake jeupe kama limechunwa ngozi. Mama mmoja wa makamo alikuwa amesimama katikati ya ile sehemu nyeupe, kanga kiunoni, hafanyi kitu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unatafuta nini?"

"Viazi," alisema Nasrin, akashangaa jinsi uongo ulivyomtoka upesi.

"Wanunuzi wa viazi huishia barabarani. Hawapandi mpaka huku." Yule mama alimsogelea. "Mimi naitwa Tumpe. Shamba ni langu. Nilikuwa Kihesa miezi mitatu nikimuuguza binti yangu Bupe aliyejifungua. Jana nimerudi, nimekuta hivi. Sasa niambie wewe ni nani."

"Mimi ndiye niliyekuwa nanunua udongo. Niliambiwa ni wa msingi."

"Na ukaamini?"

"Mwanzoni. Kiazi nilichokikuta kilinitia shaka, lakini mzigo uliofuata nikaupokea."

Wakati huo kirikuu kikatokea chini, kimebeba magunia matupu. Lugano aliwaona wote wawili, akakaa nyuma ya usukani kama anayesubiri mvua ipite. Mwishowe akashuka.

"Mama, nilidhani udongo mweusi uko mpaka chini," alisema. "Nilidhani nikichimba kidogo..."

"Na majani ya mabingobingo aliyopanda baba yako kukinga maji? Nayo ulidhani nini?"

"Gari lilikuwa halipiti, nikayang'oa."

Tumpe hakupaza sauti. Alimwonyesha mifereji ambayo mvua moja tu ilikuwa imeichonga, ikashuka hadi shamba la jirani yao Asukile, ikafukia mahindi yake. "Asukile alikuja asubuhi kuniuliza kama nataka kumhamisha. Nimjibu nini?"

Nasrin alisema atarudisha udongo wote ambao haujaingia kwenye miche. Tumpe hakuonyesha kuamini neno hata moja.

Jumamosi aliurudisha. Ulitosha kufunika kipande kidogo tu cha juu, wala haukukaa ulivyokuwa. Lugano alichimba makingamaji kukatiza mteremko tangu asubuhi, mama yake akimfuata nyuma na vipande vya mabingobingo, akivichomeka ukingoni. Nasrin alivua viatu akasaidia, akaanza pia kueleza kwamba sasa atatengeneza mboji kwa maganda ya ndizi na takataka za sokoni, na kwamba msimu ujao ataleta ya kwanza hapa.

"Watu wa mjini mnasema," alijibu Tumpe bila kuinua kichwa.

Jioni hakumkaribisha chai. Alimsindikiza tu hadi barabarani, akasimama mpaka gari likaondoka, na Nasrin hakujua kama ulikuwa wema au ulinzi. Kabla ya masika alipanda tena na magunia sita ya mboji. Tumpe alichota kidogo, akanusa, akasaga kati ya vidole.

"Hii bado changa," alisema. "Mwaga pale kwenye nyeupe. Mwakani ulete nyingine, nione."