Milango Mitatu ya Kikao cha Marafiki

Usijifanye hukuona. Dirisha lako linatazamana na ule ukumbi, na leo saa nne asubuhi umevuta pazia, kama ulivyolivuta mwaka ule wakubwa walipogombania bendera ya nani ipande kwanza. Sisi hatujasahau hata rangi ya pazia hilo.

Ndani ya ukumbi, mezani, kulikuwa na karatasi moja. Ilihitaji saini za wakubwa wa nchi tatu zinazopigana upande mmoja, ili mizinga yao inyamaze kwa saa sita na watu wavuke daraja. Mizinga yao wenyewe, ndiyo. Adui alishaondoka kule tangu wiki iliyopita. Ng'ambo ya daraja, chini ya ngazi za shule, alikuwa amejibanza binti wa fundi mwashi, mimba ya miezi tisa.

Fundi aliitwa kwa sababu ukumbi ulikuwa na mlango mmoja, na hakuna mkubwa aliyekubali mwenzake atangulie.

"Si wapite pamoja," alisema.

"Walijaribu, wakakwama," alijibu afisa itifaki, mama aliyekumbatia faili kama mtoto mchanga. "Toboa mingine miwili."

"Dada, huu ndio ukuta uliobeba paa."

"Paa halimo kwenye ratiba, fundi."

Simu ikalia mfukoni mwa fundi. "Baba, wameshasaini?"

"Bado, mwanangu. Wanaingia."

Akashika nyundo na tindo, akafanya kazi ya siku mbili kwa saa mbili. Wasaidizi wa wakubwa wakaja na futi kupima milango. Mlango wa kushoto ulizidi kwa vidole viwili. Mkubwa wa kulia akasusa. Fundi akaupanua wa kulia, ukaupita wa kati. Akaupanua wa kati, mkubwa wa kushoto naye akanuna. Wote watatu walijifungia kila mmoja garini mwake, vioo juu, wakiandikiana barua za udugu usioyumba.

"Baba, uchungu umeanza."

"Wanaingia, mwanangu. Usisukume."

Kufika saa nane ukuta ulikuwa umebaki vijiguzo viwili vyembamba kama miguu ya kuku. Fundi akashusha timazi, uzi wake wa kupimia wima, akaona kila kitu kimelala upande.

"Dada, nipatie magogo ya kuegemeza, haraka."

"Magogo ya nchi ipi?"

Paa lilishuka polepole, kama mtu mzima anayeketi, likaikalia meza. Hakuumia mtu, maana hakuna aliyekuwa ameingia.

Hapo ndipo wakubwa waliposhuka garini, wote kwa wakati mmoja. Walipeana mikono mbele ya kifusi, wakapigwa picha, wakatangaza kwamba sasa hakuna tena ukuta kati yao. Kisha wakaondoka, magari matatu sambamba, asitangulie mtu.

Mizinga ikaendelea.

"Baba?"

"Wewe subiri. Sasa ninaingia mimi."

Amechomeka mtaimbo chini ya zege. Karatasi anaiona, ncha yake nyeupe imetokeza, lakini zege halinyanyuki kwa mtu mmoja. Na wakubwa hawajafika mbali: wamekwama pale kona, barabara haitoshi magari matatu. Karatasi ikitoka, watasaini juu ya boneti, tukiwa tumewazunguka.

Shuka ngazi. Achia hilo pazia, vaa viatu au usivae, lakini shuka sasa hivi. Fundi ameshika upande wake, na upande wa pili hauna mtu.